Bulpapu ya Upepo: Nichukue Ipi? Majibu kwa Wasomaji

Mwezi huu barua zimekuja nyingi za bunduki za upepo, hasa zile fupi zinazoitwa bulpapu, na karibu zote zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Uingereza, kwaiyo nimeona nizijibu zote ukurasa mmoja. Kwa ambao hawajawahi kuishika, bulpapu ni bunduki ambayo triga imesogezwa mbele alafu mashine yote, yaani valvu, nyundo na pale peleti (ile risasi yake ndogo) inapoingilia, imerudishwa nyuma mpaka chini ya shavu lako. Mtutu unabaki na urefu wake ila bunduki nzima inashuka mpaka kama sentimita 70 au 80, wakati ya kawaida inapita mita moja. Ninazozungumzia hapa ni zile za kujaza hewa kwanza kwenye silinda, presha ya bari 200 na kuendelea, sio zile za springi za kuvunja mtutu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nipo Leicester, kuna mzee wa shamba nje ya mji amenipa ruhusa niwinde sungura na njiwa pori kwake, na ghalani mwake panya ni wengi kweli kweli. Jumapili naenda klabu kupiga shabaha za HFT, yale mashindano ya kulenga kama mwindaji, shabaha zikiwa umbali tofauti tofauti. Nataka bulpapu moja tu ifanye kazi zote. Nimebaki na tatu: FX Wildcat ya Sweden, Weihrauch HW100 BP ya Ujerumani na Kral Puncher Breaker ya Uturuki. Washkaji wananiambia chukua yenye nguvu zaidi. Leseni ya polisi sina. Nichukue ipi, na saizi gani ya peleti, .177 au .22 (upana wake kwa inchi)?
*Msomaji, Leicester*

JIBU: Ndugu yangu hapo kwenye nguvu washkaji wamekupoteza. We huna leseni ya polisi, na England na Wales bunduki ya upepo isiyo na leseni mwisho wake ni futi-paundi 12, ambazo ni kama jouli 16. Kwaiyo hizo tatu zote zikiwa kihalali zina nguvu ile ile, Kral na FX zinarusha peleti moja kwa kasi karibu sawa, na sungura hatajua imetoka kiwanda gani. Pesa yako inanunua vitu vingine: mtutu mzuri, triga nzuri, na reguleta. Hivo ndo vya kuangalia.

Nianze na reguleta maana watu wanaipita juu juu. Silinda ikijaa presha ni kubwa, ukipiga inashuka kidogo kidogo, sasa bunduki isiyo na reguleta risasi za mwanzo zinakuwa na kasi yake, za katikati zina kasi nyingine, za mwisho zinalegea, na hayo yote utayaona kwenye karatasi, tundu zinapanda alafu zinashuka we ukidhani ni mkono wako. Reguleta inakaa katikati ya silinda na valvu, inapitisha presha ile ile kila mara mpaka hewa iishe kiwango. HW100 inayo. Wildcat inayo. Hizi za Uturuki za bei nafuu nyingi zimeuzwa bila hiyo kitu, kwaiyo ukienda kuulizia Kral muulize muuzaji hiyo hiyo utakayoondoka nayo, usitosheke na ya kwenye picha.

Sasa kuna jambo ambalo kwa matumizi yako ndo kubwa kuliko yote, nalo ni urefu wa skopu, ile darubini ya kulengea, juu ya mtutu. Kwenye bulpapu shavu lako limelalia mashine yenyewe, kwaiyo jicho liko juu, na skopu inabidi ipandishwe ilifuate jicho. Bunduki ya kawaida skopu inakaa kama sentimita 4 juu ya mtutu, bulpapu nyingi inafika 6 na nusu hivi. Utasema sentimita mbili na nusu ni nini, haya tupige hesabu. Chukua .177 ya peleti nyepesi ya grein 8.4, umeseti skopu ipige sawasawa kwenye mita 30. Ile ya kawaida ukimlenga panya aliyeko mita 10 peleti inapiga kama nusu sentimita chini ya msalaba wa ndani ya skopu, haina shida. Bulpapu pale pale inapiga sentimita mbili na kidogo chini. Kichwa cha panya unakijua kilivyo, ukilenga katikati ya jicho unampiga koo au unapiga mbao, anakimbia na jeraha akafie ndani ya ukuta, na hiyo sio kuwinda, hiyo ni kumtesa kiumbe. Akiwa karibu zaidi ya hapo inazidi kushuka.

Na HFT ndo inakubana kabisa kwasababu shabaha zao zinaanzia yadi 8 mpaka 45, tundu za kupiga nyingine zina upana wa sentimita moja na nusu tu, na ukishaanza mzunguko huruhusiwi kugusa vifundo vya skopu, unalenga kwa alama za ndani tu. Kwenye yadi 8 bulpapu yako itakuwa inapiga karibu sentimita 3 chini. Inawezekana, wapo wanaofanya vizuri nazo, ila lazima ukae na karatasi upige kila baada ya yadi 5 kuanzia 8 mpaka 45, uandike kwenye daftari alama gani ya skopu inaangukia wapi, alafu ukariri. Asiyefanya hii kazi asinunue bulpapu, achukue bunduki ndefu ya kawaida atapata raha zaidi. Na unapochagua ringi za skopu chukua fupi kadiri shavu lako linavyoruhusu, kila milimita unayoshusha inakusaidia ghalani.

Saizi: kwako .177 bila kusita. Kwenye nguvu hiyo ya futi-paundi 12, .177 ya grein 8.4 inatoka kama mita 240 kwa sekunde, .22 ya grein 16 inatoka kama 174. Ukiseti zote mita 30 alafu ukapiga mita 40, .22 inashuka karibu mara mbili ya .177. Shambani hakuna mtu wa kukupimia umbali, ukikosea mita tano na .177 bado upo kwenye kichwa cha sungura, ukikosea na .22 umeshatoka. Watu wanasema .22 ina kishindo zaidi kwa nyama, ni kweli inagonga kwa upana zaidi na ghalani inafaa sana, ila peleti ndogo iliyopita kati ya jicho na sikio inamaliza kazi hapo hapo, peleti kubwa iliyopita tumboni haimalizi chochote. Na klabuni wengi wanatumia .177, utakuwa mnafanana.

Kati ya hizo tatu basi. Wildcat ni nyepesi, ukiwa mtu wa kutembea shamba zima asubuhi mpaka mchana bega litakushukuru, na mtutu wake ni mzuri sana. HW100 BP ni nzito zaidi, lakini ule uzito ukiwa umesimama unapiga shabaha unakutuliza, triga yake ni ya hatua mbili unaisikia kabisa inapofika ukutani, pale inapogoma, kabla haijaachia, na kwa bulpapu hilo ni jambo kubwa maana triga iko mbele na mashine iko nyuma, zinaunganishwa na fimbo ndefu, kwenye bunduki za bei rahisi ile fimbo inafanya triga iwe kama unavuta mpira. Alafu HW100 inajazwa bari 200, ambayo mtu mzima anaweza kuifikisha kwa pampu ya mkono bila kuzimia, ukipita hapo pampu inakuwa adhabu na itabidi ununue mtungi kama ule wa wazamiaji. Kwa matumizi ulonitajia, panya, sungura na HFT, mi ningechukua HW100 BP ya .177. Kama ungeniambia ni kuwinda tu na kutembea, ningesema Wildcat. Kral ichukue kama mfuko umebana kweli, ni bunduki ya haki kwa bei yake, na chenji inayobaki weka kwenye skopu nzuri yenye kurekebisha parallaksi (kule msalaba kuhama juu ya shabaha jicho likisogea) kushuka mpaka mita 10, maana skopu mbovu juu ya bunduki nzuri ni hasara tupu.

Jambo la mwisho kwako. Hizi bunduki za silinda zikipewa peleti nzito mara nyingi nguvu inapanda kidogo. Bunduki iliyopimwa futi-paundi 11.8 kwa peleti nyepesi inaweza kupita 12 ukiweka nzito, na ikipita tu basi kisheria umeshika silaha ya moto bila cheti, hilo ni kosa la jela. Mwambie muuzaji aipime mbele yako kwenye kronografu, kile kipima kasi ya peleti, kwa peleti nyepesi na nzito, bunduki ibaki 11.5 hivi. Na usifungue fungue springi za ndani nyumbani kutafuta kasi.

SWALI: Assalam alaykum kaka. Mimi ni dada wa Birmingham, nimeanza kupiga shabaha mwaka jana na naipenda sana. Mimi ni mfupi, mikono yangu mifupi, dukani wananiambia bulpapu ndo ya watu wafupi kwasababu ni fupi. Ni kweli? Na mimi navaa mtandio, nishike vipi?
*Dada wa Birmingham*

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Hapo dukani wamekuchanganyia vitu viwili. Urefu wa bunduki nzima ni kitu kimoja, na umbali kutoka kitakoni mpaka kwenye triga ni kitu kingine, na we unachohitaji kifupi ni hicho cha pili. Bunduki ya kawaida kitako ni mbao au plastiki tu, fundi anaweza kukikata. Bulpapu ndani ya kitako kuna mashine, huwezi kukata chochote, umbali ule ni ule uliotoka nao kiwandani, nyingi zimetengenezwa kwa mwanaume wa kimo cha kawaida. Zenye kitako cha kurekebisha unaweza kurefusha, kufupisha kuna mwisho wake.

Fanya hivi ukifika dukani: kunja kiwiko, weka kitako kwenye mkunjo wa mkono, alafu peleka kiganja kwenye mshiko. Pedi ya kwanza ya kidole cha shahada ikikaa kwenye triga bila kujivuta, hiyo ni ya kwako. Ikibidi uvute bega mbele ili ufike, iache hata kama ni nzuri vipi. Alafu funga macho, weka shavu, fungua macho, kama jicho halipo katikati ya skopu shavu linahitaji kupandishwa au kushushwa na uulize kama hiyo bunduki inaruhusu. Bulpapu ina faida moja kubwa kwa mtu wa mikono midogo nayo ni kwamba uzito wote upo karibu na bega, mkono wa mbele hauchoki haraka. Kama hakuna bulpapu inayokukaa, jaribu nusu bulpapu kama Brocock Bantam, au karabini ya kawaida fupi kama HW100 KT.

Mtandio: upande unaoweka shavu usiweke pini kabisa, wala mkunjo mnene. Kitambaa kikijaa kati ya shavu na bunduki kila siku shavu linakaa juu tofauti, na kwenye bulpapu ambayo skopu iko juu utaona risasi zinahama bila kujua kwanini. Tumia kile kitambaa laini cha kuvuta kichwani, ncha zote zichomeke ndani ya koti, na hakikisha hakuna kinachoning'inia karibu na mkono wa kukokia, yaani kile kipini cha bunduki unachovuta kuikoki, maana mashine iko hapo hapo chini ya uso wako. Na sikio lako liko karibu sana na nyundo na valvu, kwaiyo utasikia mlio ambao mtu wa pembeni hausikii, usishtuke, ila klabu ya ndani vaa vizuia sauti vya masikioni. Kama unatumia mkono wa kushoto niandikie tena, maana kuna modeli mkono wa kukokia unahamishwa upande na kuna nyingine hauhami.

Na mkono wa mbele dada, angalia unapouweka. Bunduki ni fupi, mdomo wa mtutu uko karibu kuliko unavyozoea, vidole visipite mbele. Pia ukikoki mara mbili kwa kusahau, peleti mbili zinaweza kuingia mtutuni. Ukiwa huna uhakika lenga chini mahali salama upige, usiache ikiwa imejaa.

SWALI: Kaka mi nahamia Glasgow kikazi kutoka London, nina bulpapu ya futi-paundi 12. Naruhusiwa kuhama nayo tu kama nilivyo?
*Msomaji, London*

JIBU: Hapana, usivuke nayo kabla hujapata karatasi. Scotland ina sheria yake, tangu tarehe 31 Desemba 2016 bunduki ya upepo yoyote inayozidi jouli 1 inahitaji cheti cha silaha za upepo kutoka polisi wa Scotland. Ile unayoimiliki London kihalali bila cheti, Glasgow bila cheti ni kosa. Omba mapema, anwani mpya ikishajulikana, na mpaka kitoke iache kwa duka la silaha lililosajiliwa. Kwa mtu wa kwenda kutembea tu kuna kibali cha wageni. Na popote pale usiitoe barabarani bila sababu ya msingi, iwe ndani ya begi lake, haina peleti, na peleti yako isivuke mpaka wa ardhi uliyoruhusiwa.

SWALI: Kaka, sungura niliyempiga na bunduki ya upepo ni halali kuliwa? Nyumbani mke wangu hataki kupika mpaka nipate jibu.
*Msomaji, Manchester*

JIBU: Mkeo yuko sahihi kuuliza kabla ya kupika. Sungura mwenyewe ni halali kwa madhehebu yote manne ya Sunni, na sisi wa pwani wengi Shafii hatuna tatizo naye, ndugu zetu wa Kishia kwao hapana. Mjadala uko kwenye peleti. Qur'ani kwenye Suratul Maida aya ya 3 imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito, na Mtume alipoulizwa na Adi bin Hatim kuhusu mkuki alisema kilichopenya kwa ncha kula, kilichogonga kwa ubapa usile. Wanazuoni wa zamani wengi waliweka vile vipira vya udongo vya kurusha kwenye upande wa kugonga. Wa zama hizi wengi wameruhusu risasi ya bunduki kwasababu inapenya. Peleti ya upepo inaangukia katikati ya hizo kauli mbili, na sheikh wako ndo wa kukwambia anafuata ipi.

Njia ambayo haina mzozo ipo na ifanye kila mara: sema bismillahi unapofyatua, na kisu kikali kiwe kiunoni, umfikie mbio, ukimkuta bado ana uhai umchinje. Hapo hakuna anayegombana nawe. Hii ndo sababu nyingine ya kutopiga mbali, kwa futi-paundi 12 mwisho wako uwe mita 30 hivi, na kabla ya kwenda shambani uwe unaweza kuweka risasi zote ndani ya sentimita mbili na nusu kwa umbali huo, ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Njiwa pori nao England wana masharti yao, wanapigwa chini ya leseni za jumla (ruhusa ya watu wote yenye masharti) kama GL42 kwa ajili ya kuzuia hasara kubwa ya mazao, soma masharti ya mwaka huo kabla hujatoka maana yanabadilishwa.

SWALI: Mzee wangu, kaka yangu yuko Uingereza anataka kunitumia bulpapu ya upepo Mombasa nipige kunguru, wametumaliza vifaranga. Aitume kwa kontena ndani ya vitu vingine?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Mwanangu mwambie kaka yako asifanye hivo kabisa. Kuingiza bunduki imefichwa ndani ya shehena itakupeleka wewe mpokeaji mahakamani. Kabla ya kulipa chochote nenda Bodi ya Leseni za Silaha uulize uso kwa uso, na jibu lao liwe kwenye maandishi. Kumbuka pia Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na kufyatua katikati ya nyumba za watu na mabati peleti inaruka kwenye ukuta inamkuta mtoto wa jirani.

Kunguru wenyewe nakuelewa kabisa, mimi pia nimewaona wanavyoshuka kwenye mabanda. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja, kwa sumu maalum inayotumiwa na watu wenye kibali, kwaiyo peleka malalamiko yako ofisi yao ya Mombasa. Kwa sasa funika banda na wavu wenye matundu madogo juu na pembeni, vifaranga usiwaachie nje mpaka wapite wiki sita, na mabaki ya samaki yasitupwe uani maana ndo yanayowaita.